Mzee Akiondoka, Nani Anashika Timu?



Niliahidi kwamba zamu yangu ikifika nitaandika historia ya reli ya Kigoma. Samahani, reli itasubiri. Kwa siku kumi sasa hapa zoni kwetu hakuna maneno mengine. Kwenye bomba la maji ni hayo, kwenye foleni ya mgao ni hayo, na usiku kwenye kibanda umiza ndiyo usiseme. Kocha wetu amepanda basi la IOM. Amekwenda Kanada na familia yake, baada ya miaka tisa ya kutufundisha mpira kwenye uwanja ule wa vumbi. Tulimsindikiza, tulilia, tulifurahi kwa ajili yake. Basi lilipopotea kwenye kona, mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili akaniuliza, "Kaka, kesho mazoezi yapo?" Sikuwa na jibu.

Jumamosi hii kuna kikao cha kuchagua kocha mpya. Mimi ndiye ninayeandika muhtasari. Watu wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unamtaka msaidizi wake, kijana aliyekulia kwenye timu yetu, anayejua kila mtoto anaishi kijiji gani na nani hajala tangu asubuhi. Upande wa pili unamtaka papa mmoja aliyefika mwaka jana kutoka Uvira, ambaye zamani alicheza ligi kule nyumbani na ana cheti cha ukocha alichokihifadhi ndani ya plastiki. Wale wanasema, "Mtoto wa ndani anaijua nyumba." Hawa wanajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Juzi kwenye kibanda, mzee mmoja akasimama akasema, "Acheni kelele. Fanyeni kama Manchester United!" Kijana mmoja wa Liverpool akacheka mpaka akakohoa: "Manchester ipi, papa? Hii inayofukuza makocha kila baada ya muda mfupi?" Basi kikawaka. Hata mwenye jenereta alitishia kuzima.

Niliporudi nyumbani sikulala. Nikawaza kwamba wote wawili wana haki, kwa sababu Manchester United ni klabu iliyopita kwenye swali letu mara mbili kubwa, mwaka 1969 na mwaka 2013. Mara zote mbili mzee aliondoka akiwa amejenga kila kitu, na mara zote mbili nyumba ilitetereka. Leo nataka niwapitishe kwenye historia hiyo, kisha tuone inatuambia nini sisi.

Mzee wa kwanza: Matt Busby

Wengi wetu tunadhani United ilianza na Ferguson. Hapana. Kabla yake kulikuwa na Mskoti mwingine, Matt Busby, aliyekabidhiwa timu mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ndiyo imekwisha, na uwanja wa Old Trafford ulikuwa umebomolewa na mabomu ya Wajerumani. Kwa miaka kadhaa United iliazima uwanja wa jirani na mpinzani wake, Manchester City. Yaani timu kubwa hiyo nayo iliwahi kukosa kwao.

Busby hakuwa na pesa nyingi, akaamua kulea vijana. Timu yake ikachukua ubingwa wa ligi mwaka 1952, halafu 1956 na 1957 ikiwa na watoto wadogo ambao wengi walikuwa wamekulia pale pale. Halafu tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyokuwa ikiwarudisha kutoka mechi ya Ulaya ilianguka Munich, Ujerumani. Watu 23 walikufa, na wanane kati yao walikuwa wachezaji. Busby mwenyewe alilazwa hospitalini akiwa katika hali mbaya sana.

Hapa nataka mkumbuke jina moja ambalo mashabiki wengi hawalijui: Jimmy Murphy, msaidizi wa Busby. Hakuwa kwenye ndege ile kwa sababu alikuwa na timu ya taifa ya Wales. Yeye ndiye aliyekusanya watoto wa akiba na wachezaji wa kuokoteza, na chini ya wiki mbili baada ya ajali United ikacheza na kushinda. Mwezi Mei wa mwaka huo huo aliwafikisha fainali ya Kombe la FA, ingawa walifungwa na Bolton. Murphy alizima moto, kisha Busby alipopona akamrudishia kiti chake bila maneno.

Miaka kumi baada ya Munich, tarehe 29 Mei 1968, United ilishinda Kombe la Ulaya pale Wembley kwa kuifunga Benfica 4-1 katika muda wa nyongeza. Bobby Charlton, aliyenusurika Munich, alifunga mabao mawili. Busby alikuwa amefika mwisho wa safari yake. Januari 1969 akatangaza kwamba msimu ukiisha anapumzika.

Na swali likazaliwa: nani?

Mtoto wa nyumbani

United ilichagua mtu wa ndani. Aliitwa Wilf McGuinness. Aliingia klabuni akiwa mtoto, akawa mchezaji, akavunjika mguu mwaka 1959 akiwa bado kijana sana, na mpira wake ukaishia hapo. Akageuka mwalimu wa vijana na wa timu ya akiba. Mwaka 1969 alikuwa na miaka 31 tu. Ukisikiliza hoja za upande wa kwanza hapa kwetu, huyu ndiye mtu wao kabisa. Anaijua nyumba, anapendwa, kila mtu anamwita kwa jina lake la utotoni.

Lakini angalia alivyokabidhiwa. Kwanza, hakuitwa meneja. Aliitwa kocha mkuu, na cheo cha meneja alipewa baada ya mwaka mmoja hivi. Pili, Busby hakuondoka. Alibaki klabuni akiwa meneja mkuu juu yake. Tatu, wachezaji aliopaswa kuwaamuru walikuwa rafiki zake. Bobby Charlton alikuwa wa rika lake kabisa, walizaliwa mwezi mmoja wa mwaka mmoja. Beki Bill Foulkes alikuwa mkubwa kwake kwa umri.

Sasa jiweke wewe. Unamwambia rafiki yako wa tangu utoto, ambaye ni bingwa wa dunia, kwamba leo huchezi. McGuinness alithubutu. Mwanzoni kabisa mwa msimu wake wa kwanza aliwaacha nje Charlton na Denis Law. Lakini mchezaji akikasirika alijua kwamba mzee bado yupo. Waswahili walishasema fahali wawili hawakai zizi moja.

Watu husema McGuinness alishindwa kabisa. Si kweli. Katika miezi 18 hivi aliifikisha timu nusu fainali tatu: Kombe la Ligi mara mbili na Kombe la FA mara moja. Zote akapoteza. Ile ya mwisho, Desemba 1970, alitolewa na Aston Villa iliyokuwa daraja la tatu. Siku chache baadaye akaondolewa, na Busby akarudi kushika timu mpaka mwisho wa msimu.

Mgeni

Basi mashabiki wakasema, mtu wa ndani hafai, tutafute mgeni mwenye jina. United ilimfuata Jock Stein wa Celtic, aliyekuwa ameshinda Kombe la Ulaya mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Busby. Stein akakataa. Ndipo klabu ikamchukua Frank O'Farrell kutoka Leicester City mwaka 1971.

O'Farrell alianza vizuri ajabu. Kufikia Krismasi ya 1971 United ilikuwa juu ya msimamo. Naweza kuwasikia mashabiki wa wakati ule wakisema, "Si tuliwaambia?" Lakini timu ilikuwa imezeeka. Charlton alikuwa anakaribia mwisho, Law alikuwa anaumia mara kwa mara, na George Best, mwenye kipaji kuliko wote, alianza kukosa mazoezi na kupotea. Timu iliporomoka ikamaliza ya nane. Busby safari hii alikuwa mkurugenzi kwenye bodi, na wachezaji wakongwe bado walikuwa na mlango wa kumfikia. Desemba 1972, baada ya kufungwa 5-0 na Crystal Palace, O'Farrell naye akafukuzwa.

Akaja Tommy Docherty, akitoka kuifundisha timu ya taifa ya Scotland. Yeye alifyeka wakongwe. Denis Law akaachiwa bure, akaenda Manchester City. Na hapa historia ikafanya kitu ambacho hata sinema ingeogopa kukifanya. Tarehe 27 Aprili 1974, United ikipigania kubaki daraja la kwanza, ilicheza na City pale Old Trafford. Dakika za mwisho mpira ukamkuta Law, akaugusa kwa kisigino, bao. Hakushangilia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa. Matokeo ya viwanja vingine yalikuwa yangewashusha United hata bila bao lile, lakini hakuna anayeikumbuka siku hiyo kwa hesabu.

Bingwa wa Ulaya 1968, daraja la pili 1974. Miaka sita tu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtoto wa nyumbani alianguka na mgeni alianguka. Hapo nilipofika usiku ule nikajiambia, labda swali letu la "wa ndani au wa nje" siyo swali lenyewe.

Wale jirani wa Liverpool

Kijana yule wa Liverpool atafurahi hapa, basi afurahi kidogo tu.

Mwaka 1974, mwezi Julai, Bill Shankly alijiuzulu Liverpool bila mtu kutegemea. Alikuwa ameichukua timu hiyo ikiwa daraja la pili mwaka 1959 akaifanya kubwa. Watu mtaani walimwona kama baba yao mzazi. Klabu ikamchagua msaidizi wake, Bob Paisley, mtu wa ndani kabisa: alikuwa pale tangu 1939, kwanza mchezaji, baadaye mtu wa kuchua misuli, kisha kocha. Hakuwa msemaji. Hakuitaka hata hiyo kazi.

Msimu wake wa kwanza hakushinda kombe lolote la maana, alimaliza wa pili kwenye ligi. Kama ingekuwa leo, simu zetu zingejaa matusi. Lakini waliendelea naye, na katika miaka tisa Paisley alichukua ligi mara 6 na Kombe la Ulaya mara 3: 1977, 1978 na 1981. Alipopumzika 1983, msaidizi mwingine, Joe Fagan, akashika, na msimu wake wa kwanza akachukua makombe matatu likiwemo la Ulaya.

Kwa nini Liverpool waliweza kile kilichowashinda United? Sababu ya kwanza ni chumba. Pale Anfield kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea viatu vya mpira. Humo ndimo Shankly alikuwa na wasaidizi wake, Paisley, Fagan, Ronnie Moran, Reuben Bennett, na baada ya mechi walikaa humo wakizungumza mpira. Na waliandika. Kila siku ya mazoezi waliandika kwenye daftari: tumefanya nini, nani kaumia, ameumiaje, hali ya uwanja ikoje. Timu ikifanya vibaya walifungua daftari la mwaka uliopita wakaangalia walifanya nini kipindi kama hicho. Shankly alipoondoka, alichojua kilikuwa kimebaki chumbani.

Sababu ya pili inauma kidogo. Baada ya kujiuzulu, Shankly alianza kurudi uwanja wa mazoezi wa Melwood. Alizoea, hakuwa na pa kwenda. Wachezaji wakawa bado wanamwita bosi, Paisley akiwa amesimama pale pale. Mwishowe ilibidi mambo yawekwe sawa, na mzee akaacha kuja, moyo wake ukiwa na majeraha. Sipendi sehemu hii ya historia. Mtu aliyewapa kila kitu alistahili kuagwa vizuri zaidi. Lakini Paisley alipata nafasi ya kuwa kocha, nafasi ambayo McGuinness hakuipata.

Ferguson, na uvumilivu wenye macho

Turudi Manchester. Baada ya Docherty walipita Dave Sexton na Ron Atkinson. Atkinson alichukua Kombe la FA mara mbili, 1983 na 1985, lakini ligi hakuigusa. Tarehe 6 Novemba 1986 akaja Alex Ferguson kutoka Aberdeen, mgeni, aliyekuwa ameifunga Real Madrid kwenye fainali ya Ulaya ya washindi wa makombe mwaka 1983.

Nafasi zake za mwanzo kwenye ligi ni hizi: ya 11, ya 2, ya 11, ya 13. Septemba 1989 alifungwa 5-1 na City. Desemba ya mwaka huo shabiki mmoja alipeleka bango uwanjani la kumwambia miaka mitatu ya visingizio inatosha, kwaheri. Januari 1990 timu ilikwenda Nottingham Forest kwenye Kombe la FA, na magazeti yalisema akifungwa anaondoka. Mark Robins, kijana aliyekuzwa klabuni, akafunga, 1-0. United ikaenda mpaka ikabeba kombe lile. Mwaka 1993 ikapata ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu 1967. Yaliyofuata mnayajua: ligi 13 kwa jumla, makombe matatu makubwa kwa msimu mmoja mwaka 1999, Ulaya tena 2008.

Watu wanapenda kutumia hadithi hii kusema "mvumilieni kocha." Mimi nasema polepole. Kuna makocha wengi waliovumiliwa na hawakuleta kitu. Swali ni kwamba bodi iliona nini wakati mashabiki wanaona ya 13 tu. Iliona kwamba Ferguson alikuwa ameongeza watu wa kutafuta vipaji, anafuatilia timu za watoto yeye mwenyewe, amevunja tabia ya ulevi iliyokuwa ndani ya kikosi. Watoto hao ndio walioshinda Kombe la Vijana la FA mwaka 1992, akina Giggs, Beckham, Butt na Gary Neville. Huo ni uvumilivu wenye macho. Kuvumilia bila kuangalia kinachojengwa ni usingizi tu.

Mzee wa pili anaondoka

Tarehe 8 Mei 2013 mimi nilikuwa na miaka 12, mtoto wa kubeba maji. Taarifa ilitoka redioni kwamba Ferguson anastaafu. Nakumbuka wazee wamekaa kimya nje ya kibanda kama wanaosikiliza habari za nyumbani. Wiki hiyo tulilipa shilingi mia mbili kila mmoja kuangalia mechi yake ya mwisho Old Trafford. Alichukua kipaza sauti akawaambia mashabiki kwamba waliisimamia klabu wakati wake mgumu, sasa kazi yao ni kumsimamia kocha mpya.

Kocha mpya alikuwa David Moyes wa Everton. Mskoti, mkali, mchapakazi, mtu wa kukaa sehemu moja miaka mingi. Ferguson mwenyewe alimpendekeza. Akapewa mkataba wa miaka sita, na mashabiki wakatundika bango la kumwita mteule. Alifukuzwa tarehe 22 Aprili 2014, baada ya miezi kumi.

Hapa kambini tulimcheka sana, mimi nikiwemo. Leo nikiangalia naona mambo ambayo wakati ule sikuyaona. Mosi, walitafuta nakala. Ukitaka nakala ya mtu utapata kivuli chake, maana yule wa kwanza alifanywa na miaka 26 na makosa mengi. Pili, waliondoka wengi kwa pamoja. David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa akisimamia usajili, aliondoka majira yale yale, na Moyes akawaacha wasaidizi wa Ferguson, Mike Phelan, René Meulensteen na Eric Steele, akaleta watu wake kutoka Everton. Yaani hakubaki mtu chumbani wa kusema, "Mwaka jana tulifanya hivi." Tatu, timu iliyochukua ubingwa kwa pointi 11 ilikuwa na wakongwe wengi. Scholes alikuwa amestaafu, Giggs alikuwa na miaka 39, Ferdinand, Vidic na Evra walikuwa wanaelekea ukingoni. Kama ilivyokuwa 1969, ubingwa ulificha nyufa. Nne, kila timu ikifungwa, kamera ilikwenda jukwaani kuonyesha uso wa Ferguson. Mzee hakufanya kosa, alikuwa shabiki amekaa. Lakini kivuli ni kivuli.

Machi 2014 mashabiki walichanga pesa wakarusha ndege yenye bango la kumtaka Moyes aondoke, mechi na Aston Villa. Wengi ndani ya uwanja waliizomea ndege hiyo, wakampigia kocha makofi, na timu ikashinda 4-1. Hiyo siku huwa naikumbuka. Wale walikuwa bado wanatii neno la mzee. Lakini makofi hayajengi kikosi.

Baada yake ikawa kama basi la abiria, huyu anashuka huyu anapanda. Louis van Gaal alishinda Kombe la FA 2016 akafukuzwa siku mbili baadaye. José Mourinho alileta makombe mawili 2017, akaondoka Desemba 2018. Ole Gunnar Solskjær, mtoto wa nyumbani, alikuja kwa muda, akaifunga PSG kwao 3-1, tukalia kwa furaha, akapewa mkataba wiki tatu hivi baadaye. Novemba 2021 akafukuzwa baada ya 4-1 ya Watford. Erik ten Hag alileta Kombe la Ligi 2023 na Kombe la FA 2024, akaongezewa mkataba, halafu Oktoba 2024 akaondolewa. Akaja Ruben Amorim, na msimu wa 2024-25 uliisha United ikiwa ya 15. Mmoja anataka mabeki watatu, mwingine wanne. Mmoja anasajili wake, anayefuata hawataki.

Wakati huo huo Liverpool ilimpoteza Jürgen Klopp mwaka 2024, naye alikuwa kama baba mwingine. Wakamleta Arne Slot kutoka Feyenoord, mgeni kabisa, na msimu wake wa kwanza akachukua ligi. Klopp alikuwa ametangaza mapema, Januari, kwamba anaondoka. Klabu ilipata miezi ya kujiandaa, kikosi kilikuwa kizima, na mgeni hakubomoa nyumba ndipo ajenge. Paisley wa ndani aliweza, Slot wa nje aliweza.

Sasa sisi

Ndugu zangu, sisi hatuna Old Trafford. Tuna mipira mitatu, mmoja unavuja. Lakini timu yetu ina watoto zaidi ya 40, na mnajua kama mimi mtoto asiyekuja uwanjani saa kumi jioni anakuwa wapi. Tangu basi liondoke, nimehesabu mazoezini: siku ya kwanza 31, juzi 19. Hawa ndio wanaotusubiri tumalize kubishana.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hatujapiga kura ya nani, mimi naomba tuongee mambo mengine matatu.

La kwanza ni daftari. Kocha wetu alijua yote kichwani: mtoto yupi ana pumu, yupi baba yake hataki acheze mpaka amalize kazi za nyumbani, yupi asikemewe mbele za watu. Vyote vimepanda basi. Nimempigia na tumekubaliana atanitumia sauti, mimi niandike. Na hapa nawaambia pia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima: nanyi mikataba yenu huisha, mnahamishwa, anakuja mwingine anatuuliza maswali yale yale ya mwanzo. Mtuachie daftari.

La pili ni simu. Tayari kwenye kundi letu la WhatsApp kocha anatuma sauti kutoka Kanada: mpangeni fulani winga, fulani asicheze. Tunampenda, na najua kule kuna baridi na upweke, mpira wetu ndio umebaki wake. Lakini huyo kocha mpya, awe kijana wetu au papa wa Uvira, atakuwa McGuinness wa pili kama watoto wanasubiri sauti ya mzee kabla ya kumsikia yeye. Nilimwandikia hivyo kwa heshima, nikifuta na kuandika upya mara nyingi. Alikaa kimya siku mbili. Halafu akajibu, "Mwanangu, umesema kweli, ila imeniuma." Tangu juzi hajatuma kitu. Naomba tusimwache kama Shankly. Tumtumie picha, tumpigie siku ya mechi, tumwambie matokeo. Ushauri ampe kocha mpya peke yake, si kundi zima.

La tatu, tuamue mapema tutampima kocha kwa nini. Tukimpima kwa kombe la kambi la mwezi wa nane, tutamfukuza mwezi wa tisa. Tumpime kwa hesabu ya watoto mazoezini, na kwa wale wanaorudi shule. Kombe likija, tutalipokea.

Na kuhusu kura yangu? Mimi naona hakuna sababu ya mmoja kumfukuza mwenzake. Kijana wetu anaijua nyumba, papa anaujua mpira. Mmoja awe kocha, mwingine awe kwenye chumba cha viatu. Nani awe wapi, hilo ndilo la kuamua. Kijana ameniambia yuko tayari kuwa msaidizi. Papa bado hajanijibu, nitakwenda kwake kesho jioni baada ya mgao.

Kikao ni Jumamosi saa tisa, chini ya mwembe karibu na kibanda. Saa kumi mazoezi yapo. Mwambieni yule mtoto.